Pakavu mbele, pabichi nyuma: kuipanga upya nyumba ya vyumba sita

Familia nyingi za Dar es Salaam zenye wazee Magomeni, Temeke, Ilala au Kinondoni zina nyumba moja ya namna hii, au zimewahi kupanga ndani yake. Mlango wa mbele uko katikati, baraza kulia na kushoto, ukumbi mrefu unapita hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule. Ukitokea nyuma unakuta uani: choo, bafu, jiko, stoo, na kamba ya kuanikia nguo. Vyumba ni futi 10 kwa 10, ukibahatika 10 kwa 12. Bibi alikaa kimoja, akapangisha vitano, na kodi ikasomesha watoto.

Sasa bibi hayupo, wapangaji wameondoka, na wajukuu wamekaa kikao. Wanataka nyumba iwe ya familia moja: sebule kubwa, jiko la ndani, chumba cha mama chenye choo chake, na uani papendeze. Kikao kikifika dakika ya kumi, tayari mtu ametoa simu anaonyesha picha za marumaru na jipsamu yenye taa za rangi. Kuanzia hapo pesa inaanza kupotea, kwa sababu marumaru ndicho kitu cha mwisho kuwekwa na ndicho cha kwanza kuvunjwa pale bomba lililo chini yake linapokataa kazi.

Watu husema nyumba hizi zilijengwa vibaya. Mimi sikubaliani nao. Zilipangwa vizuri sana, ila kwa kazi nyingine. Kila kitu chenye maji, moshi au harufu kiliwekwa uani, na ndani vikabaki vyumba vikavu vya kulala na kuweka makabati. Ndiyo maana familia sita ziliweza kuishi chini ya paa moja bila bomba hata moja kupita chini ya sakafu. Ukitaka choo na jiko viwe ndani, ujue unauingiza uani ndani ya nyumba, na uani una masharti yake: unataka mteremko, unataka hewa, unataka mahali pa kutolea uchafu. Kubomoa ukuta ndiyo kazi nyepesi kuliko hizo zote.

Choo cha mama

Tuanze na ombi linaloleta tabu kuliko yote. Kwa desturi mwenye nyumba hulala chumba cha mbele, kwa hiyo familia inasema choo cha mama kiwekwe humo humo. Shimo la choo liko nyuma, mwisho wa uani.

Bomba la inchi 4 linalobeba kinyesi linahitaji kushuka takribani sentimita 2.5 kwa kila mita moja, la sivyo uchafu unatuama. Kutoka chumba cha mbele hadi shimoni tuseme ni mita 14. Zidisha: sentimita 35. Ongeza kina ambacho bomba linaanzia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na litafika shimoni likiwa sentimita 70 au 80 chini ya ardhi. Shimo la zamani lilikuwa likipokea uchafu wa choo cha uani kilicho hatua tatu tu kutoka hapo, na mdomo wake, pale bomba linapoingilia, mara nyingi uko juu zaidi ya kina hicho. Maji hayapandi mlima. Fundi akifika hapo hufanya moja kati ya mawili. Ama anapunguza mteremko kimyakimya, na ndani ya miezi michache choo kinaanza kurudisha. Ama anainua sakafu ya choo kipya kwa ngazi mbili, mama wa miaka sabini anakuwa anapanda kwenda haja kama anayepanda jukwaani.

Chukua sasa chumba cha nyuma, kile kinachopakana na uani. Umbali hadi shimoni ni mita 5, mteremko unaotakiwa ni sentimita 12 na nusu. Bomba linatoka nje ya ukuta mara moja, linapita uani, na likiziba unafungua chemba, lile shimo dogo la kuzibulia, bila kugusa sakafu ya mtu.

Basi kanuni ninayoifuata ni hiyo ya kwenye kichwa cha makala: pakavu mbele, pabichi nyuma. Chumba cha mama, bafu na jiko viende kwenye vyumba viwili vya nyuma, kimoja kila upande wa ukumbi au vyote upande mmoja ili mabomba yafuatane. Sebule ichukue viwili vya mbele upande mmoja. Chumba cha mbele kinachobaki kinafaa kwa mgeni, kwa kijana, au kama mtaa una biashara, kigeuzwe fremu. Wapo wanaochukia fremu kwa sababu zinaivunja sura ya nyumba na kuimeza baraza. Nawaelewa, lakini duka halihitaji choo cha ndani, na kodi ya fremu moja inaweza kumaliza ukarabati ambao kikao cha familia kimeshindwa kuuchangia.

Kama hakuna njia isipokuwa choo kikae mbele, angalia uchochoro wa pembeni. Ukiwa na futi tatu kati ya ukuta wako na wa jirani, pitisha bomba huko badala ya chini ya ukumbi. Weka chemba kila linapopinda. Nafasi ya kona kali ya nyuzi 90 ichukuliwe na kona mbili za nyuzi 45, uchafu uteleze usigonge. Na usimruhusu fundi asahau bomba la hewa, lile linalopanda hadi juu ya paa. Kazi yake si kutoa harufu peke yake. Kila sinki na kila bafu lina sehemu iliyojikunja inayobaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu isirudi ndani. Bila bomba la hewa, ukivuta choo maji hayo yanaweza kunyonywa, na hapo unaishi na harufu ambayo dawa ya supamaketi haiiwezi.

Kuhusu shimo lenyewe nitasema machache. Lazima lifikiwe. Gari la kunyonya maji taka lina mpira mrefu lakini hauna macho. Nyumbani kwetu Temeke fundi alipanga vitofali uani pote, pakapendeza kweli, na mfuniko wa shimo ukalala chini yake. Shimo lilipojaa, tulifukua sehemu tatu tofauti. Mjomba alisimama katikati akielekeza kwa kumbukumbu: “Ilikuwa usawa wa mpera.” Mpera tulikuwa tumeshaukata.

Na kisima: kipimo kinachotajwa sana ni mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Viwanja vingi vya mitaa hii havina hata urefu huo, na shimo la jirani liko nyuma tu ya ukuta. Maji ya kisima cha uani yatumie kudekia, kumwagilia na kuvutia choo.

Barabara imepanda, nyumba imebaki

Kuna jambo ambalo ramani ya karatasi haionyeshi. Kila barabara ya mtaa inapokarabatiwa huongezwa kifusi, na ikiwekwa lami hupanda tena. Nyumba iliyojengwa ikiwa juu ya njia sasa imekaa kama ndani ya bakuli. Ngazi mbili zilizokuwa zinapanda barazani zimekuwa ngazi moja ya kushuka.

Wengi hukimbilia kujaza kifusi ndani na kumwaga jamvi jipya. Fanya hesabu kwanza. Mlango una urefu wa karibu sentimita 210. Ukiinua sakafu kwa 30 unabaki na 180, na mjomba mrefu atagonga kichwa kila Idi. Juu ya mlango kuna lenta, ile bimu inayobeba ukuta wa juu yake, kwa hiyo huwezi kuukata ukuta kwenda juu bila kuigusa. Madirisha nayo yanakuwa chini, dari inakaribia kichwa, joto linaongezeka. Ukijaza kifusi kwa dhati, mara nyingi unaishia kuongeza kozi za ukuta na kuinua paa, na hiyo imeshakuwa kazi ya nyumba mpya.

Kabla ya kufika huko, jaribu nje. Kizingiti cha zege mlangoni cha sentimita 15. Mfereji wenye kifuniko cha chuma mbele ya baraza unaoyapeleka maji pembeni kabla hayajaingia. Na uani, sakafu iteremke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita inatosha. Jicho halioni mteremko huo, lakini maji yanauona.

Kupima hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu, utakupa usawa kamili kati ya pembe mbili za kiwanja hata kama kuna nyumba katikati: maji ya ncha hii na ya ncha ile hukaa kimo kimoja. Fundi mwashi wa zamani hatoki nyumbani bila mpira huo. Weka alama za usawa kwenye kuta zote za nje, kisha pima kutoka kwenye alama kushuka hadi barabarani, mlangoni, uani na kwenye mdomo wa shimo. Namba hizo nne zitakuambia ni ndoto ipi inawezekana na ipi ya kuacha, kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji.

Ukumbi ni bomba la upepo

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na upepo wake una majina: kusi, unaovuma kutoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kaskazi, unaotoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba hadi Machi. Nyumba ya vyumba sita inaishi kwa pepo hizi. Mlango wa mbele ukiwa wazi na wa nyuma ukiwa wazi, ukumbi unavuta hewa, na kila chumba kikiacha mlango wake nusu kinapata sehemu yake. Bibi alikaa kwenye mkeka ukumbini saa nane mchana. Hakuwa anawachunguza wapangaji, ingawa alifanya na hilo pia.

Katika ukarabati kosa linalofanyika sana ni kuuziba mwisho wa ukumbi. Mtu anaona nafasi ya futi 5 kwa 8 karibu na mlango wa nyuma, anasema “hapa choo cha wageni kinaenea,” na kweli kinaenea. Kuanzia siku hiyo nyumba haipumui, na kiyoyozi kinaanza kula umeme kulipia kile ambacho ukumbi ulikuwa ukikitoa bure. Uache ukumbi upite. Unaweza kuupanua, unaweza kuondoa ukuta wa upande mmoja ili uwe sehemu ya sebule, lakini kutoka mbele hadi nyuma lazima kibaki kitu ambacho upepo unaweza kupita ndani yake: mlango wa grili na wavu wa mbu, au ukuta wa matofali ya matundu.

Juu nako kuna hesabu yake. Nyumba nyingi za zamani hazikuwa na dari, na kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Hewa ya moto ilipanda na kutoka pembeni. Ndiyo, ulisikia kila neno la chumba cha pili, lakini ulilala. Ukiweka jipsamu bila kutoboa matundu ya hewa kwenye ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, umejenga tanuri juu ya kitanda. Matundu mawili yanayotazamana, yenye wavu wa kuzuia popo, hayafikii hata gharama ya taa moja ya urembo.

Ukuta upi unabeba

Kuunganisha vyumba viwili ili kupata sebule ya futi 10 kwa 20 kunaonekana kazi ya asubuhi moja na nyundo. Kabla ya nyundo, panda darini na tochi. Kama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimetulia kwenye kuta za nje tu, ukuta wa kati umebeba uzito wake mwenyewe. Lakini nyumba za zamani mara nyingi hazina kenchi kamili. Mbao zimeegemea kuta za ukumbi na za vyumba. Ukuta wa namna hiyo ukiondolewa, paa linashuka polepole, na nyufa zinaanza kwenye pembe za milango zikipanda mshazari.

Ukuta unaobeba unaweza kutolewa, ila mahali pake pakae bimu ya zege yenye nondo, na bimu hiyo ikalie nguzo zenye msingi wake, isikalie tofali zilizochoka. Ukubwa wa bimu na idadi ya nondo ni kazi ya mhandisi. Najua watu huona fedha ya mhandisi ni ya kutupa, kwa sababu analeta karatasi tu. Ninachoweza kusema ni kwamba fundi anayekujibu “hiyo nondo mbili zinatosha” bila kupanda juu kuangalia, hajaijibu nyumba yako. Kibali cha halmashauri nacho kinahitajika kwa mabadiliko kama haya, na nyumba ya urithi ambayo mirathi yake haijakamilika ina ukuta mwingine kabisa wa kubomoa kabla ya huo wa tofali.

Walio Zanzibar, Lamu au Mombasa ndani ya nyumba za mawe wana sharti la ziada. Kuta hizo ni za matumbawe na chokaa, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Unajikusanya nyuma ya lipu, unaleta chumvi, na ndani ya misimu michache lipu inavimba na kuanguka vipande. Chokaa kwa chokaa.

Uani si mabaki

Sasa nje. Familia ikishaweka jiko ndani, huwa inaona uani pamekuwa pa bure: pamwagwe zege lote, gari liingie. Mimi ningeuliza kwanza nani anapika pilau ya watu arobaini, na wapi. Jiko la gesi la ndani ni la chai na mboga za jioni. Mkaa, kuni, mbuzi ya nazi, kukaanga samaki, kuosha sufuria kubwa, hivyo vitabaki nje upende usipende. Kwa hiyo jenga kibanda chepesi cha kupikia upande ambao upepo hausukumi moshi kuingia ndani, weka meza ya zege ya kimo cha kiuno, bomba moja, na sinki pana la kuoshea. Mafuta ya sufuria yapite kwanza kwenye kisanduku kidogo cha kuyanasa kabla maji hayajafika kwenye bomba kuu, maana mafuta yakipoa yanaganda ndani ya bomba.

Halafu paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 kwa siku, jambo linalotokea masika yakishika, linamwaga lita 6,000. Hiyo inajaza simtanki la lita 5,000 na kubaki. Kwa hiyo mambo mawili: gata na tanki vina faida kubwa kwenye mtaa ambao maji ya bomba yana zamu, na bomba la kutolea maji ya ziada juu ya tanki ni la lazima, likielekea kwenye mfereji, si kwenye msingi wako wala kwa jirani. Tanki hilo likijaa lina uzito wa tani 5, basi likalie kitako cha zege kilichojengwa kwa ajili yake. Usilipandishe juu ya paa la choo cha zamani.

Zege la ua mzima ndilo linalogeuza mvua kuwa kesi ya mjumbe. Ardhi iliyokuwa inakunywa maji sasa inayarusha kwa mwenzako. Acha angalau kamba ya udongo kando ya ukuta, na pale panapokanyagwa sana panga vitofali juu ya mchanga ili maji yapenye kwenye viungo. Pembeni panda vitu vyenye kazi. Wazee walipanda migomba pale maji ya bafuni yanapotokea, na walikuwa sahihi. Mgomba unakunywa maji mengi. Mchaichai na mrehani karibu na mlango wa jiko. Upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi linachoma ukuta moja kwa moja, mti wa kivuli unasaidia kuliko pazia. Mwembe au mkungu usiwe karibu na shimo wala msingi, mizizi yake inafuata maji popote yalipo. Na asumini moja barazani, kwa sababu si kila kitu lazima kifanye kazi.

Mpangilio wa kazi basi unajipanga wenyewe: vipimo vya usawa, shimo na mabomba ya nje, kuta na bimu, paa na gata, nyaya na mabomba ya ndani, lipu, uani, kisha hizo marumaru mlizokuwa mnazitazama kwenye simu. Pesa ikiisha katikati, nyumba yenye mabomba sahihi na sakafu ya saruji inakalika. Nyumba yenye marumaru na choo kinachorudisha haikaliki.

Na malipo ya fundi yagawanywe, fungu la mwisho likiandikwa wazi kwenye mapatano kwamba linasubiri mvua. Kwetu lilisubiri wiki tano. Ilinyesha usiku, saa tisa, na fundi alikuwa wa kwanza kupiga simu. “Kaka, nenda uani uangalie maji yanakwenda wapi.” Nilitoka na tochi. Yalikuwa yanatoka ukutani yakienda mfereji wa mbele, isipokuwa pembe moja karibu na tanki ambako yalisimama kama kisahani. Asubuhi alikuja, akang'oa vitofali kumi na viwili, akashusha mchanga, akavipanga upya, akachukua chake.